Siku ya Sabini na Tisa

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo,
Mlango wenye kengele mbovu.
Jumapili mchana. Kwa hesabu ya ukutani kwangu, siku ya 82.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Mgongo unasemaje siku hizi? Na Baba Mdogo, kikohozi kimemwachia, au bado anakoroma na kukohoa kwa zamu? Barua yako ilifika salama. Imekaa kwenye droo ya cherehani wiki tatu nzima pamoja na sindano zilizovunjika, na kila siku nasema leo namjibu, leo namjibu. Nisamehe mwanao. Sikukusahau. Nimechoka tu, Mama Mdogo, kuchoka kule ambako hata kalamu unaiona nzito.

Mama yupo. Naandika neno hilo mapema ili usisome barua hii roho ikiwa juu juu. Upande wa kulia haujarudi tangu alipopooza, na maneno yanamtoka moja moja, tena kwa kuyatafuta. Lakini macho ni yale yale ya kukagua. Juzi nimepita mbele yake na gauni la mteja, akalitazama, akasema, "Pindo." Nikaliangalia, kweli lilikuwa limekwenda upande. Nikalifumua lote.

Kazi ipo, siwezi kulalamika, ingawa nalalamika. Shule zinakaribia kufunguliwa na sare zimejaa mpaka kitandani kwangu. Nalala pembeni, sketi zinalala katikati. Cherehani imeanza kuruka mishono, nami nimeanza kuruka milo, basi tunakwenda hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye swali lako, maana umeliuliza mara tatu katika barua moja: wale wawili wamekutana au bado? Kukujibu ndiyo au hapana kungekuwa kukudanganya. Weka maji ya chai jikoni, ukae, nikueleze tangu mwanzo.

Siku tuliyomzika Baba wewe hukuwepo, ulisikia kwa watu, na watu huongeza chumvi. Mimi nilikuwepo. Baba alifia wodini, na aliyekuwa zamu wodi ile alikuwa Dada. Tuliporudi nyumbani, Kaka akasimama mlangoni mbele ya wageni akamwambia, "Wewe muuguzi, baba yako amekufa mikononi mwako, umekaa unamtazama." Dada hakulia. Akamjibu, "Kuanzia leo usiniite dada." Basi. Hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa, na imekwenda miaka minne.

Mama alipopooza nilidhani ugonjwa utawaleta pamoja. Nikawaita wote siku moja, bila kumwambia huyu kwamba nimemwita yule. Dada alifika kwanza, akavua viatu vyake vyeupe vya kazini pale mlangoni. Kaka akapanda ngazi, akaviona viatu, akageuka. Nilimsikia akishuka, buti zile za kuchomelea vyuma, unaujua mlio wake. Mama naye alimsikia. Jioni akaniambia kwa taabu nisiwaite tena. "Wakutane wenyewe," alisema. "Siku moja zamu zitagongana. Nitasubiri."

Zamu zenyewe nilizipanga mimi, na hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Mimi kumnyanyua Mama peke yangu siwezi, mwili wake unanishinda. Karakana ya Kaka inampa mapumziko kila baada ya siku sita, kwa hiyo yeye anakuja kila siku ya sita kumnyanyua na kumwogesha vizuri. Dada alikubali kila siku ya nne, kumnyoosha viungo na kumtazama ngozi isichubuke. Siku nyingine najikaza kisabuni na beseni na kitambaa. Sina kalenda ya maana, kwa hiyo nilipigilia ukutani futi yangu kuukuu ya kupimia, ile ya kitambaa yenye sentimita mia na hamsini. Kila sentimita ni siku moja. Ikiisha naanza upya. Siku ya Kaka nachomeka uzi wa bluu, ya Dada uzi mwekundu.

Siku ya kwanza kabisa niliogopa wasije wakafumaniana mlangoni wakaniachia mgonjwa. Kwa hiyo nikamwanzisha Kaka sentimita ya kwanza na Dada sentimita ya pili. Nikajisemea, huko mbele watagongana tu, siku zina wingi. Nao walishika zamu zao kama dini. Mmoja akikosa, haji kesho yake, anasubiri zamu yake nyingine. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia, na hawakugongana hata mara moja. Mimi nikadhani wananusana na kukwepana. Mama akawa anauliza kila wiki, "Lini?" Nami namjibu, "Karibu, Mama."

Hapo ujue kuhusu jirani yangu wa mlango wa pili, mwalimu mstaafu wa hesabu. Jengo zima tunamwita Mama Chaki. Ana kawaida ya kuja kukaa na Mama asubuhi, anamsomea gazeti kwa sauti ya darasani, na akikosea Mama anamnyooshea kidole. Siku moja namtia vifungo gauni lake, nikamuuliza, kama mzaha, "Mwalimu, mtu akija kila siku ya sita na mwingine kila siku ya nne, watakutana lini?"

Akatazama juu ya miwani. "Walianza lini?" Nikamwambia: mmoja tarehe moja, mwingine tarehe mbili. Kisha akasema, "Nipe hilo kopo lako la vifungo."

Mama Mdogo, mimi hesabu niliiacha darasa la saba na sikuwahi kuikumbuka kwa wema. Lakini yule mama alinikalisha kwenye meza ya kukatia, nguo za watu zimesukumwa pembeni, akanihesabia vifungo kumi na viwili. "Vipange mistari iliyo sawa." Nikapanga miwili ya sita. Nikavuruga, nikapanga mitatu ya vinne. Akaondoa kimoja. "Panga hivyo kumi na kimoja." Nikajaribu mistari miwili, kimoja kikabaki. Mitatu, viwili vikabaki. Mwisho nikavilaza vyote mstari mmoja mrefu, nimeshindwa. "Hukushindwa," akasema. "Hiyo ndiyo namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, na kuendelea. Hakuna mwisho wake."

Halafu akanionyesha jambo ambalo mpaka leo nalirudia nikiwa natia uzi sindanoni. Kila namba nyingine inavunjika, vipande vyake vinavunjika, mpaka ubaki na namba tasa tupu. Kumi na mbili ni mbili mara sita, na sita ni mbili mara tatu. Basi kumi na mbili ni mbili, mbili na tatu. "Anza njia nyingine," akasema. Nikaanza na tatu mara nne, nne nikaivunja mbili mara mbili. Vikatoka vipande vile vile: mbili, mbili, tatu. Nikajaribu thelathini kwa njia tatu, ikatoka mbili, tatu, tano kila mara. Nilicheka peke yangu kama mtoto. Sikumbuki mara ya mwisho nimekaa nusu saa bila kufikiria kuchoka. Hata Mama kitandani alikuwa ameinua shingo anatazama.

Akanijaribu. "Tisini na moja?" Nikasema tasa hiyo, uso wake tu unaonyesha. Akacheka mpaka miwani ikashuka puani. "Saba mara kumi na tatu, mshonaji wee!" Namba nazo zina unafiki, Mama Mdogo.

Basi akatuelekeza kwenye lile swali langu. Kifungo cheupe tukakiita mbili, cheusi tukakiita tatu. Nne ya Dada: cheupe, cheupe. Sita ya Kaka: cheupe, cheusi. "Unaona nini?" Nikaona: cheupe kimo kote kuwili. "Sasa itazame futi yako." Nikainuka, nikaenda ukutani. Nyuzi za bluu: moja, saba, kumi na tatu, kumi na tisa. Nyekundu: mbili, sita, kumi, kumi na nne. Kaka hatui kamwe kwenye namba inayogawika kwa mbili. Dada hatui kwenye nyingine yoyote. Nikamuuliza, "Kwa hiyo ni lini?" Mama Chaki akarudisha vifungo koponi kimoja kimoja, akateremsha sauti ili Mama asisikie. "Kwa mpangilio huu, mwanangu, hawatakutana. Hata wakija miaka mia."

Fikiria. Mgonjwa analala pale, kila asubuhi anajikaza kuishi kwa ajili ya siku fulani, na siku hiyo haipo kwenye hesabu, na aliyeifuta ni mimi kwa woga wangu wa siku ya kwanza. Mwaka na zaidi namwambia karibu, Mama, karibu. Nililia jikoni, bomba la maji limefunguliwa. Naandika hivi bila kuona haya kwako.

Kumwambia Dada tu "njoo kesho badala ya leo" angenusa, unamjua. Nilitaka sababu ambayo muuguzi angeikubali. Mama Chaki alikuwa ameniambia kwamba ili wakutane kwa uhakika ni lazima namba zao zisichangie kifungo hata kimoja. Lakini mimi katika kuchanganyikiwa kwangu nilibaki na neno moja tu kichwani: tasa. Nikaifanya kama dawa. Nikajisemea, nikipata namba tasa, yamekwisha. Na iliyo karibu ni tatu. Yule mwalimu naye alikuwa amesafiri kutibiwa jicho, sikuwa na wa kumuuliza, na kusema kweli nilijiona nimeshaelimika.

Basi nikamwambia Dada kwamba mgongo wa Mama umeanza kuwa mwekundu, aje kila siku ya tatu. Akakubali. Kuanzia sentimita ya thelathini na nane akawa anakuja kila siku ya tatu, ametoka wodini, miguu imevimba, anapanda ngazi kwa kushika ukuta. Arobaini na moja, arobaini na nne, arobaini na saba. Kaka arobaini na tatu, arobaini na tisa, hamsini na tano. Kila mara Kaka akitoka, Dada anaingia kesho yake. Mara moja alikuta kofia ya Kaka kwenye kiti. Aliichukua kwa vidole viwili, akaitundika kwenye msumari, akanawa mikono. Mimi nasubiri. Zamu saba zikapita, nyuzi zimesongamana ukutani, hakuna sehemu hata moja zilipokutana.

Mama Chaki akarudi na kitambaa jichoni. Nikamweleza ushujaa wangu. Akashika kichwa. "Jamani! Umetoa cheupe ukaweka cheusi, na cheusi si kimo ndani ya sita? Nani alikwambia tatu? Kuwa tasa peke yake hakutoshi, lazima iwe haimo ndani ya ile nyingine." Kwa jicho lake moja zima akanitazama mpaka nikatamani kuingia chini ya meza. Nilikuwa nimemchosha dada yangu wiki tatu bure. Dada ambaye hajawahi kuninyima kitu.

Nikatoa koponi kifungo cha shaba, nikakiita tano. Sita ni cheupe na cheusi, tano ni shaba peke yake. Hakuna walichochangia. "Hapo," akasema Mama Chaki, "hata waanze siku gani, ndani ya siku thelathini lazima wagongane. Wapende wasipende." Tukahesabu kwenye futi. Dada zamu yake ya mwisho ilikuwa hamsini na tisa. Ya tano ni sitini na nne, kisha sitini na tisa, sabini na nne, sabini na tisa. Kaka sitini na moja, sitini na saba, sabini na tatu, sabini na tisa. Nikaweka kidole juu ya ile sentimita nikashindwa kukiondoa.

Nyuzi sikuchomeka mbele, wasije wakaona. Dada nilimwambia apumzike, mgongo wa Mama umetulia, aje kila siku ya tano. Alishusha pumzi ndefu, akaniambia, "Ahsante, mdogo wangu." Ile ahsante ilinichoma. Na kwa mara ya kwanza Mama aliponiuliza lini, nilimjibu kwa namba. Nilimwambia, "Siku ya sabini na tisa, Mama. Hiyo ni ya kweli." Akaigeuza midomoni mara kadhaa mpaka akaweza kuitamka.

Siku ya sabini Mama akashikwa na homa. Alikataa maji, alikataa supu, akawa ananitazama kama mtu aliye kwenye kituo cha basi. Nilimwita daktari, akaja, akamchoma sindano, akasema tuone. Lakini wale wawili sikuwaita. Nihukumu utakavyo. Nilijua nikiwaita, mmoja ataviona viatu vya mwenzake na kuteremka ngazi, na Mama angesikia tena mlio ule, na pengine ndio ungekuwa wa mwisho kuusikia. Nilikaa kando yake na kijiko. Katika kukaa kule nikaivunja sabini na tisa kichwani ili nisilie. Mbili haiingii. Tatu haiingii. Tano haiingii. Saba, inabaki mbili. Kumi na moja mara kumi na moja imeshapita mbali. Ni tasa. Haina pa kushikia, nikajisemea, lazima uifikie nzima. Siku ya sabini na mbili jioni akafungua mdomo akapokea kijiko.

Kaka alifika siku yenyewe saa tatu asubuhi, anapiga mluzi kama kawaida yake. Akavua buti mlangoni, akaingia kumwandaa Mama. Na mimi, Mama Mdogo, nikazichukua zile buti kwa mikono miwili nikazificha chini ya meza ya kukatia, nyuma ya mafungu ya sare. Dada nilikuwa nimemwambia aje asubuhi, mchana nina wateja. Nikarudi kwenye cherehani nikawa nashona kitambaa kisichokuwa na kazi yoyote.

Dada akaingia na mkoba wake. Akaenda moja kwa moja bafuni aliposikia maji, akidhani ni mimi. Nikamfuata mbio. Mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki, amejaa povu, Kaka amemshika kwapani kwa nyuma, amepiga goti, suruali imelowa. Wakatazamana. Kaka akataka kuinuka, na hakuweza. Angeinuka vipi? Mikononi ana mama yake. Dada naye amesimama kizingitini, mkoba begani, anapumua kwa pua. Nilisikia matone ya bomba.

Ndipo miguu ya Mama ikateleza kwenye sabuni. Sijui kama iliteleza yenyewe, hilo nitamuuliza akipona. Dada aliutupa mkoba, akapiga magoti kwenye maji na sare yake safi, akashika vifundo. "Mnyanyue juu, magoti yasikunjike!"

"Nimemshika," Kaka akasema.

"Hujamshika, umembana. Legeza."

Hayo ndiyo maneno yao ya kwanza kwa miaka minne, na nakuandikia jinsi yalivyo.

Walimbeba pamoja mpaka kitandani, Kaka kichwani, Dada miguuni. Mama ana mkono mmoja tu unaofanya kazi. Kwa mkono ule akashika dole gumba la Kaka na vidole viwili vya Dada vyote kwa pamoja, na usidhani mgonjwa hana nguvu. Walikaa wameinama hivyo, wote wawili wanadondosha maji kwenye shuka langu safi. Kaka akaanza, "Siku ile ya msiba..." Dada akasema, "Si leo." Mama alipolala, Kaka akaenda kutafuta buti zake. Akatafuta mlangoni, akatafuta ngazini, akashuka mpaka dukani kwa vioo na soksi zimelowa, akarudi anauliza ni mwizi gani wa kuiba buti zilizotoboka. Nikakiri. Dada akanigeukia. "Wewe!" akasema, na kona ya mdomo ikamponyoka. Kicheko hakikutoka, ila nilikiona kilipopita. Walinywa chai yangu, kila mmoja akitazama kikombe chake, wakaondoka mmoja mmoja.

Nilidhani nitaruka kwa furaha. Nilikaa tu sakafuni. Mama akafumbua macho akaniuliza, "Tena lini?" Nikachukua kifungo cha shaba, cheupe na cheusi, nikavizidisha, ingawa jibu nilishalijua. Tano mara sita. Thelathini. "Siku ya mia na tisa, Mama." Akasema, "Mbali." Kisha akageukia ukuta. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa na haikunisaidia kitu.

Kesho yake, siku ya themanini, haikuwa zamu ya mtu. Nimechemsha maji ya beseni, nimefunga kanga kiunoni, nasikia mlango unagongwa. Ni Kaka, amevaa nguo za kazi, uso umejaa masizi. Msimamizi amempa ruhusa ya saa mbili, akasema, na atazilipa Jumamosi. Nikamwambia leo si zamu yako. Akanijibu nisimfundishe kuhesabu. Buti zake akaja nazo ndani, amezikumbatia. Hatujakaa sawa, Dada huyo ngazini anahema, bado kitambulisho cha wodini kifuani. Akatutazama, akaona beseni, akamwambia Kaka, "Shika kule." Akanitazama mimi akasema, "Na wewe kalale. Unanuka uchovu."

Nikasukuma sketi za watu chini, nikalala katikati ya kitanda changu. Mama Mdogo, nililala. Sijui nikuelezeje. Nililala kama mtu aliyetuliwa mzigo njiani.

Kilichoniamsha ni kelele. Jikoni kwangu watu walikuwa wanagombana kwa sauti ya juu kabisa. Nikamsikia Dada akisema kwamba usiku ule aliomba daktari mara tatu, kwamba alimbana Baba kifua mpaka mikono ikakufa ganzi, na kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. Nikamsikia Kaka akipiga meza, akisema yeye angejuaje, nani alimwambia, kwa nini hakusema. "Ulinipa nafasi gani ya kusema?" Sahani ikaanguka. Sauti ya Kaka ikapasuka katikati ya neno, nikajua analia, tangu utotoni hulia kwa hasira. Nikaruka kitandani, miguu mitupu, nikawaachanishe kabla ya jengo zima kujaa mlangoni.

Nilipopita mlango wa Mama, aliinua ule mkono wake mmoja, akanizuia. Amekaa juu ya mito mitatu, nywele zimechanwa, shingo ameinyoosha upande wa jikoni asipitwe na hata neno moja. Uso wake sijauona vile tangu Baba akiwa hai.

"Waache," akasema. "Wanaongea."

Basi na mimi nikakaa ukingoni mwa kitanda, tukasikiliza wote wawili mpaka mwisho.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Jana na leo wamekuja, kila mtu kwa wakati anaoutaka, wananivuruga tu na viatu mlangoni. Nimeing'oa futi ukutani, nyuzi nimezifumua, imerudi shingoni kwangu panapostahili. Leo nimempimia Mama gauni jipya. Amekonda, nitaacha nafasi pembeni ya kuliongeza.

Msalimie sana Baba Mdogo, mwambie asali peke yake haitoshi, aende akapimwe kifua. Wasalimie binamu zangu wote na yule kifungua mimba wako anayejifanya hajui kuandika barua. Kaka anakusalimu. Dada anakusalimu. Wameniambia hivyo kwa wakati mmoja, kisha wakabishana nani alisema kwanza. Mama Chaki hamfahamiani lakini naye anakusalimu, anasema ujaribu mia na arobaini na tatu kabla hujaamini ni tasa.

Mungu akulinde barabarani na nyumbani, aunyooshe mgongo wako, na atupe sote siku za kutosha tusizihesabu. Mama anataka kukuona. Nimemuuliza lini, akasema njoo siku yoyote.

Wako akupendaye, aliyelala vizuri siku mbili mfululizo,

Mwanao mshonaji.